Wimbo Uliokatwa Maneno: Je, Umetahirika?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha kwa ulimi yaliyo moyoni mwake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye hakuwa mtu wa maneno machafu wala wa matusi, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Imekuwa desturi katika zama hizi kwamba mwimbaji hutoa wimbo mmoja kwa nakala mbili. Nakala ya kwanza ni kamili, ina kila neno alilolitamka. Nakala ya pili imekatwa maneno: pale palipokuwa na neno la aibu pamewekwa kimya, au mlio kama wa filimbi, au neno lenyewe limegeuzwa nyuma mbele lisifahamike. Ya kwanza ni ya mwenye kuitaka. Ya pili ni ya redio, na mabasi, na maduka, na kila mahali penye mchanganyiko wa watu. Basi huulizwa: je, yampasa mwimbaji kutoa nakala hii ya pili? Na akiisha kuitoa, je, ametoka katika lawama?

Masala haya si ya mijini pwani tu. Ipogolo ni mahali palipo chini ya mji wa Iringa, kwenye njia kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro ikaelekea Mbeya hata mpaka wa Zambia. Na hapo ndipo ichepukapo njia ya kupanda kilimani kuingia mjini. Mtu wa pwani afikapo hapo amekwisha kukata kiasi cha kilomita 500, na mlima wa Kitonga ameuacha nyuma yake. Na ichukuliwe kwa mfano kuwa yuko Mwislamu wa pwani aliyefungua kibanda mahali kama hapo, riziki yake ni kuwatilia madereva nyimbo katika flashi. Akaja dereva wa lori, asafiriye peke yake, akataka nakala kamili. Kisha akaja dereva wa basi, ambaye ndani ya basi lake mmekaa baba na bintiye, na mtu na mama mkwe wake, na wote macho yao yanaelekea televisheni moja iliyoangikwa mbele. Huyu akataka nakala iliyokatwa. Mwenye kibanda anazo zote mbili. Ampe nani nini?

Akisema msemaji: Maneno haya ni ya bure, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi'i kauli yenye kutegemewa ni kuharimishwa kwa zumari na vinanda, na Ibn Hajar al-Haytami ametunga kitabu kizima juu ya jambo hilo. Ikiwa ngoma na kinanda chenyewe kimekatazwa isipokuwa dufu na mfano wake, kuna faida gani kuuliza juu ya maneno?

Hujibiwa: Faida ipo, tena kubwa. Mtu aliyeingia katika kosa moja hakupewa ruhusa ya kuongeza la pili. Mwenye kuacha sala hasemwi, "Basi na anywe ulevi, kwa kuwa amekwisha kuharibikiwa." Kila kosa lina hesabu yake. Tena, yule abiria aliyelipa nauli yake hakuchagua kusikiliza. Kinanda kimemfikia bila ya hiari yake, na lau pamoja na kinanda litamfikia neno la aibu mbele ya mkwewe, amedhulumiwa mara mbili. Wala hana pa kushuka kati ya Ipogolo na Mafinga.

Na yapasa kwanza itambulike kuwa neno haliwi chafu kwa herufi zake. Watoto wa madrasa katika pwani hii husoma Safinat al-Naja wakiwa bado wadogo, na ndani yake hutajwa mambo ya kupasa josho, na hedhi, na nifasi, kwa maneno ya wazi yasiyo na pazia. Mwalimu husoma, na mwanafunzi huitikia, wala hapana anayeona kuwa chuo kimetiwa uchafu. Kadhalika nyumbani, kungwi humfundisha mwari ndani ya chumba mambo ambayo lau yangesemwa barazani yangekuwa fedheha kwa ukoo mzima. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni makusudi yake na mahali pake. Na mafundisho ya Imamu Shafi'i juu ya mashairi ni kuwa shairi ni maneno tu: jema lake ni jema kama maneno mema, na baya lake ni baya kama maneno mabaya. Kwa ajili hiyo Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini kwa Mtume (s.a.w.) apate kuwajibu maadui kwa beti zake, na hali Kur'ani imewalaumu washairi wanaotangatanga katika kila bonde la upuuzi, ikawavua katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema.

Basi ikiwa ubaya haukai katika herufi, kukata herufi kutaondoa nini? Mfano wake ni samli aliyoangukia panya. Imekuja katika hadithi, na wanachuoni wa Shafi'i wakaifuata, kuwa samli ikiwa imeganda hutolewa panya na kile kilichomzunguka, na kilichobaki huliwa. Ama ikiwa ni ya maji haina tena njia ya kutahirika, kwa kuwa najisi imekwisha kuenea ndani yake. Nyimbo nazo ziko namna mbili hizi. Kuna wimbo ambao maana yake ni njema, au si mbaya, nao umeangukiwa na neno moja la upuuzi, kwa hasira au kwa kutaka kuchekesha. Huo ni samli iliyoganda: litolewe neno na kile kilichoambatana nalo, na uliobaki ni salama katika upande wa maneno. Na kuna wimbo ambao mwili wake wote umekandwa kwa matamanio, kila ubeti unamvuta msikilizaji mahali pale pale. Huo ni samli ya maji. Ukikatwa neno, umebaki vile vile.

Na ushahidi wa haya umeonekana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2016 Serikali iliisimamisha video ya wimbo wa Chura wa mwimbaji Snura mpaka ifanyiwe marekebisho. Chura ni mnyama wa maji, jina lake hutajwa na kila mtoto. Hapana katika jina hilo neno la kuzibwa kwa filimbi. Ubaya ulikuwa katika uchezaji wa miili uliofungamanishwa nalo. Mwaka 2018 mwimbaji Roma aliamriwa aubadilishe wimbo wake wa Kibamia. Akahukumiwa kuwa hakuubadilisha, akafungiwa kazi ya muziki kwa miezi sita. Bamia ni mboga, huuzwa sokoni kwa mafungu. Kuipunguza ikawa kibamia si kosa la lugha. Ubaya ulikuwa katika kile ambacho kila mtu mzima alikifahamu bila ya kuambiwa. Na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Baraza la Sanaa la Taifa liliupiga marufuku wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Mwanza ni mji, na mahali palipotajwa ndani ya wimbo ni mahali pa kweli katika mji huo, isipokuwa jina lake lilivutwa hata likawa fumbo la ashiki. Wakauimba tena jukwaani mwezi wa Desemba, wakazuiwa kufanya maonyesho, wakaomba radhi. Na katika Januari ya 2019 wakafunguliwa.

Mwenye akili na atazame nyimbo tatu hizi: ya mnyama, na ya mboga, na ya mji. Lau angepewa mtu makasi, akaambiwa akate neno chafu, angekata lipi? Hapana katika majina hayo hata moja lisilosemwa mchana mbele ya kadhi. Basi imedhihirika kuwa nyimbo zinazoleta ugomvi mkubwa kabisa ndizo ambazo makasi hayazifai.

Tena kuna jambo jingine lililofichikana. Katika fikihi, matamko ya talaka ni mafungu mawili: ya sarihi, ambayo ni wazi wala hayahitaji nia, na ya kinaya, ambayo hukumu yake hutegemea nia ya msemaji. Mume akisema, "Rudi kwenu," huulizwa alinuia nini. Na huu ukimya unaowekwa ndani ya wimbo uliokatwa ni namna ya kinaya. Msikilizaji anaijua nakala kamili, au atamwuliza aijuaye. Mizani ya ubeti inamwonyesha neno lina silabi ngapi, na kina kinamwonyesha linaishia wapi. Mwimbaji ananyamaza, na vijana mia ndani ya ukumbi wanalijaza pengo kwa sauti moja. Neno halikuondolewa, limetolewa katika kinywa cha mmoja likatiwa katika vinywa vya mia. Na mtoto ambaye lau lingempita katika mkondo wa wimbo asingelitambua, sasa amesikia mlio wa filimbi akajua kuwa hapa pana kitu. Naye hatolala mpaka akijue.

Huko Marekani khabari hii ina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1985 walisimama wake wa wakubwa wa serikali katika mji wa Washington, wakadai wazazi waonywe juu ya maneno yaliyomo katika sahani za muziki. Na wenye viwanda vya muziki wakakubali kubandika onyo juu ya majalada. Yakatokea maduka makubwa ambayo hayakuuza chenye onyo, na hapo bendi nyingi zikatoa nakala za pili zilizopunguzwa. Bendi ya muziki wa rock iitwayo Nirvana ilitoa albamu yake In Utero mwaka 1993. Maduka ya Walmart na Kmart yakaikataa. Na mwaka wa pili yake ikatoka nakala ambayo picha za jalada zimepunguzwa, na wimbo mmoja, ambao jina lake lilitaja kunajisiwa kwa nguvu, umeandikwa jina jingine juu ya jalada. Wimbo wenyewe ndani ukabaki ule ule. Na ajabu ya jambo hili ni kuwa mtungaji alikuwa amesema wimbo huo ni wa kupinga dhuluma hiyo, si wa kuipamba. Basi lililokuwa na hoja ya kusimama nalo lilifichwa jina, na mnunuzi akauziwa ganda geni lenye kiini kile kile. Mwaka 2009 bendi ya Green Day ilitakiwa na Walmart iipunguze albamu yake 21st Century Breakdown. Ikakataa, ikakubali kutouzwa katika maduka yale; na juu ya hayo albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Marekani.

Katika bendi mbili hizi, ipi iliyofanya sawa? Kwa upande wa uchafu wa maneno, hapana hata moja ya kufuatwa. Lakini kwa upande wa ukweli wa biashara, wa pili ni mnyofu zaidi, kwa kuwa hakujifanya kuwa ameosha kile asichokiosha. Na uislamu umekataza kumghuri mnunuzi, Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika fungu la nafaka akakuta majimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa chini na kuweka kikavu juu. Nakala iliyobadilishwa jalada na kuachwa tumbo ndiyo nafaka ile hasa.

Akisema msemaji: Hapana budi kuchagua dhara iliyo nyepesi. Ikiwa watu wataimba kwa vyovyote, wimbo uliokatwa si bora kuliko usiokatwa?

Hujibiwa: Ni kweli, lakini kanuni hiyo ni ya yule aliyefikwa na dhara mbili asiyeweza kuziepuka zote, kama dereva ambaye tajiri wake amemlazimisha kupiga muziki. Yeye akichagua nakala iliyokatwa amefanya vizuri kwa kadiri ya uwezo wake. Ama mtungaji hakulazimishwa na mtu. Yeye ndiye aliyezizaa dhara zote mbili. Haimsihi kuzaa shari mbili kisha akataka thawabu kwa iliyo ndogo. Na mwenye kutoa nakala mbili amejishuhudia mwenyewe: kule kutoa ya pili ni kukiri kuwa ya kwanza haifai mbele ya watu. Ikiwa anakijua kifaacho, na ana uwezo wa kukifanya, kwa nini akitie kuwa bidhaa ya pembeni, na kisichofaa ndicho kiwe asili?

Wanachuoni wa Shafi'i wamesema kuwa mvinyo ukigeuka siki wenyewe huwa halali, lakini ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake hautahiriki. Fundisho lake ni hili: mgeuko wenye manufaa ni utokao ndani. Mtungaji akirudi katika moyo wake, akautunga wimbo upya, maana ikabadilika, huyo ametoa siki. Ama mfanya biashara akitupia filimbi tatu juu ya wimbo ule ule kwa ajili ya soko la redio, mvinyo ungali mvinyo.

Hata hivyo, si kila nakala mbili ni za lawama. Huenda mtu akatunga wimbo wa kuonya juu ya maradhi, au juu ya mabinti wanaochezewa na wakubwa wao, akahitaji neno la wazi kwa watu wazima, kama mwalimu alihitajivyo ndani ya darasa. Huyu akitoa nakala ya pili kwa ajili ya barabarani, amefanya lile lile alifanyalo kungwi: ya chumbani yakabaki chumbani. Na kipimo ni chepesi. Je, mtungaji huyu anaweza kusimama na nakala yake kamili mbele ya wazee wake, akasema, "Hili nimelisema kwa ajili ya faida hii"? Akiweza, nakala zake mbili ni adabu. Asipoweza, nakala zake mbili ni hila.

Tena yapasa kutahadhari na khatari ya upande wa pili, nayo ni makasi kuangukia haki badala ya uchafu. Mwezi wa Machi 2017 mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake wa Wapo, uliowasema watu na wakubwa wa nchi, na wimbo ukapigwa marufuku. Haikupita siku nyingi Rais John Magufuli akaagiza aachiliwe na wimbo upigwe. Sawa wimbo ule ulikuwa mzuri au mbaya, fundisho lake ni kuwa mkono ule ule unaokata ashiki waweza kukata nasaha, na kwamba leo waweza kukata na kesho kuachia, kwa amri. Na kumkemea mwenye nguvu kwa haki ni jambo lililotukuzwa katika dini. Kwa hiyo asiyeipambanua fahisha na lawama ya haki asipewe makasi. Mpiga marufuku naye ataulizwa siku ya Kiyama, kama atakavyoulizwa mwimbaji.

Na watu wa pwani wasiseme kuwa balaa hili ni la vijana wa bara. Mafumbo na vijembe ni ufundi wa pwani tangu zamani, na taarabu za mipasho zilizovuma tangu miaka ya 1990 zimepigwa katika harusi za watu wanaosali safu ya mbele. Baba huifunga redio kwa ajili ya neno moja la kijana wa Dar es Salaam, kisha hukodi kikundi kwa fedha nyingi kije kumtukana jirani kwa fumbo lisilo na neno hata moja la kukatwa. Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, alihesabu katika Ihya mambo matano yanayoharimisha usikilizaji: lililo katika mwimbaji, na katika chombo, na katika maneno, na katika nafsi ya msikilizaji, na katika kulifanya upuuzi huo ndio mazoea ya maisha. Maneno ni moja katika matano. Mwenye kuridhika kwa kuwa maneno yamekatwa amefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitano.

Basi muhtasari wa hukumu ni huu. Mtungaji: yampasa asitoe ila kile anachoweza kukisimamia, na wimbo wake ukiangukiwa na neno chafu, alitoe kabla ya kuutoa, iwe nakala moja. Akiisha kuutoa mchafu, kuuzuia ni bora kuliko kuupunguza. Na kuupunguza, pale palipo na wimbo mwema wa kubaki, ni bora kuliko kuuacha. Dereva na mwenye basi: wao ni wachunga wa waliomo ndani, hawana udhuru hata mmoja wa kuwapigia abiria nakala kamili, na wimbo ambao mwili wake ni fahisha wasiupige hata ukiwa umekatwa. Mwaka 2019 mkubwa wa bodi ya filamu ya Kenya, Ezekiel Mutua, alisema kuwa nyimbo za Tetema na Wamlambez zisipigwe ila katika vilabu na mabaa. Lakini mwenye kumcha Mungu hangojei amri ya bodi kujua kuwa basi si baa.

Ama yule mwenye kibanda cha Ipogolo: asiseme, "Mimi natia tu, mwenye kusikia ni dereva." Mwenyezi Mungu ameahidi adhabu kwa wapendao fahisha ienee baina ya waumini, na muuzaji wake ni katika waenezaji. Dereva wa basi asimpe wimbo wa samli ya maji kwa jina la kuwa umekatwa, kwani huko ni kumghuri. Na dereva wa lori asimpe kamili kwa hoja ya kuwa yuko peke yake, kwani pamoja naye wamo wawili waandikao. Na akiogopa kupungukiwa na riziki, na akumbuke kuwa njia ile hupitiwa usiku na mchana na watu wanaotaka mawaidha, na kasida, na khabari, na vitu visivyomhitaji kukata neno lolote kabla ya kuviuza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kwake ndiko kuombwa ndimi zisizohitaji pazia, na masikio yasiyotamani kilichofichwa.